Mche wa Peasi wa Kisiwani

Jumamosi, 16 Machi

Mvua imeanza jana alasiri, na leo Kisiwa kimekuwa kisiwa.

Naandika kwa Kiswahili. Kiingereza ni cha walimu, Kishambaa ni cha Bibi, na kote kuwili kuna mtu wa kunisahihisha. Kwenye Kiswahili naachwa peke yangu.

Kisiwa ni hivi. Bondeni chini ya nyumba ya Bibi, hapa Malindi ya milima ya Lushoto, mto unagawanyika, unazunguka kipande cha ardhi, halafu unakutana tena na kuendelea na safari zake. Kiangazi mkono mmoja unakauka na unavuka bila kulowesha kandambili. Masika mikono yote miwili inajaa, na huvuki ila kwa gogo la mkaratusi. Si pakubwa. Ukisimama katikati ukaita, wa ng'ambo zote mbili wanakusikia. Lakini udongo wake mweusi unashika unyevu hata Januari, na karoti za pale wachuuzi wa fuso wanazitambua kwa macho.

Ni ardhi ya Bibi mwenyewe, si ya marehemu Babu. Aliachiwa na mama yake, Mwantumu, mtu wa kwanza kutia jembe pale wakati bonde zima ni pori. Hivyo ndivyo tunavyosema nyumbani. Ushahidi ni migomba yake, au tuseme wajukuu wa migomba yake, imesimama mpaka leo upande wa juu. Nilipokuwa na miaka tisa, nimeletwa likizo kutoka Tanga, Bibi alinishika kichwa tukiwa tunakatia ng'ombe majani na kusema, "Hiki kitakuwa chako. Kimetoka kwa mwanamke, kiende kwa mwanamke." Nimeyatunza maneno hayo kama watu wanavyotunza nguo ya Idi.

Mwaka huu magoti yamemshinda. Tangu mwezi wa pili amewaazima Kisiwa watu wa kuja. Baba yao anaitwa Ulimboka, mtu wa Mbeya, alikuwa mchumaji kwenye shamba la chai mpaka kazi zilipokwisha. Ana mke na watoto watatu, na wamepanga vyumba viwili karibu na barabara. Hawalipi kitu, wanamletea Bibi mboga tu. Mtoto wao mkubwa ni Witness. Yuko kidato cha tatu kama mimi, mkondo mmoja na mimi, dawati la mbele yangu.

Leo nimeshuka mpaka ukingoni nikamkuta amesimama katikati ya karoti, jembe begani, anaimba pambio. Kwenye Kisiwa changu. Nimerudi bila kuvuka.

18 Machi

Mvua. Swaumu. Hesabu vipindi viwili mfululizo.

21 Machi

Asubuhi, kabla ya shule, Witness amepita na kabichi.

"Onga mahundo, Bibi," akasema. Kwa Kishambaa, mtoto wa Mbeya! Akapiga goti kidogo, akaongeza, "Shikamoo."

Bibi nusura aangushe kopo la maziwa. Akamjibu kwa Kishambaa kirefu, na mja wa Mungu huyu akajibu tena, amekosea mara mbili na wakacheka wote wawili. Mimi nimesimama mlangoni nimeshika begi. Nakisikia Kishambaa chote, hata matusi. Lakini mdomo wangu ulisomea Tanga, kwenye shule ambayo ukiongea lugha ya nyumbani unavalishwa kibao shingoni. Bibi akiniuliza kwa Kishambaa namjibu kwa Kiswahili. Ndiyo maana ananiita Mzungu wangu.

"Umesikia mwenzako?" akaniambia Witness alipoondoka. "Miezi miwili tu."

"Nimesikia, Bibi."

"Na wewe una miaka mingapi?"

Nikavaa begi nikatoka. Mpaka shuleni nilitembea nyuma ya Witness, mbali kidogo, nikitazama kisigino cha soksi yake kilichoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, na nikafurahi kwamba kimeshonwa hivyo. Hilo nalo naliandika.

24 Machi

Wakati wa futari mlango umegongwa. Witness, na bakuli la viazi vya kuponda, eti mama yake ametuma. Bibi akasema, "Kaa, mwanangu." Akakaa. Akakaa nafasi yangu, karibu na jiko. Mimi nimefunga kuanzia alfajiri, nimechota maji, nimepika makande, na aliyeombewa dua ya baraka ni yeye ambaye amekula mchana.

Najua vizuri kwamba ni dhambi kuandika hivi mwezi huu.

27 Machi

Mwalimu Emanueli wa historia ametupa kazi ya kuandika kwa Kiingereza jinsi watu wa kwanza walivyokaa mahali unapotoka. Niliandika kuhusu Kisiwa na Mwantumu. Akaniita nisome mbele. Sauti ikatoka kama ya kifaranga.

"Kisiwa?" akanikatiza. "Wapi bahari, Mwanaidi? Malindi hii hii, au ile ya Kenya?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nikawa natazama viatu. Ndipo Witness akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kipo. Mimi nalima pale. Masika haya njoo ujaribu kuvuka uone kama hutaita mtumbwi."

Wakacheka tena, safari hii wakimcheka mwalimu, na mwalimu mwenyewe akacheka. Nimerudi kukaa. Amegeuka akanikonyeza, kama kwamba sasa sisi ni wawili.

Mimi nalima pale. Hata kutetewa kwangu amekutumia kusema pale ni pake.

3 Aprili

Likizo fupi. Ukungu haujaondoka tangu juzi. Mbuzi wanaonekana miguu tu. Kisiwa hakionekani kabisa. Nimelala vizuri.

10 Aprili, Idi

Asubuhi ilikuwa nzuri mpaka saa nne. Tumeswali, tumekula, Baba mdogo Abubakari amekuja na familia yake. Yeye ni mdogo wa baba yangu. Anakaa kilima cha pili, na kila akija hashindwi kutupia jicho bondeni. "Mama, kile Kisiwa ningekipata mimi ningetia vitunguu," husema, na Bibi husema, "Ungetia," na mazungumzo huishia hapo.

Kisha Bibi akatoa doti mpya ya khanga, nyekundu, yenye maua ya mkorosho. Tangu Ijumaa iliyopita nilikuwa nimeiona chini ya godoro, na nilikuwa nimeshajiona nayo. Akachukua mkasi, akaikata katikati. Kipande kimoja akanipa mimi. Kingine akakikunja, akasema, "Mpelekee Witness."

"Bibi, hao hawana Idi."

"Mimi ninayo. Mpelekee."

Doti hukatwa ili mtu mmoja avae kiunoni na begani. Sasa mimi nina kiuno na yeye ana bega. Nilipompelekea, Witness aliibusu ile khanga. Aliibusu! Akasema, "Tutavaa siku moja, dada yangu." Nikasema asante, sijui kwa nini nilisema asante mimi.

Baba mdogo aliona yote. Jioni nilipomsindikiza akaniambia, "Angalia sana. Leo khanga. Kesho utasikia kingine."

13 Aprili

Klabu ya mazingira shuleni imegawa miche ya peasi iliyobebeshwa, mmoja mmoja kwa kila mwanachama. Nimeupanda wangu nyuma ya jiko. Kabla ya magharibi mbuzi wa Bibi amekwisha kuula, amebakiza kijiti.

Bibi amecheka mpaka akashika mbavu. "Mzungu wangu, mti unawekewa boma!"

Jumapili, 14 Aprili

Leo nataka kuandika sawasawa, neno kwa neno, kwa sababu sina mtu wa kumwambia.

Nimeshuka kuchota maji. Witness alikuwa ng'ambo, ametoka kanisani, amejifunga kipande chake cha khanga juu ya gauni. Miguuni pake kulikuwa na mche wake wa peasi, bado uko kwenye kifuko cheusi.

"Mwanaidi!" akaniita. "Njoo kwanza nikuulize."

Nikavuka gogo.

"Huu mche sina pa kuupanda," akasema. "Kule tulikopanga ni sakafu mpaka barabarani. Na kwenye kambi ya chai hatukuruhusiwa kupanda hata mpapai, ilikuwa mchicha tu, ukihama unauacha. Sijawahi kupanda kitu ambacho mwakani kitakuwepo." Akacheka kidogo, kwa aibu. Sikujua kwamba naye ana aibu. "Nilitaka kuuweka pale pembeni, kwenye kona ya chini, hautazuia karoti. Unaona ni sawa? Au nimuulize Bibi?"

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo huku kwetu halielezwi. Ukiazimwa shamba, unapanda cha msimu: maharage, viazi, kabichi, karoti. Hupandi mti. Hupandi mgomba. Cha msimu unakivuna na unaondoka mikono mitupu kama ulivyokuja, lakini mti ukishika ardhi, na wewe umeshika. Mgeni anayepanda mti amekwisha kusema kwa mikono yake kwamba hapa ni pangu. Watu wamegombana na kuhamishana kwa mti mmoja. Hakuna aliyemwambia Ulimboka, kwa sababu ni jambo linalojulikana, kama unavyojua kwamba hupiti katikati ya watu wanaoswali. Nani atakuambia?

Mimi ningemwambia. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika ndoo, na maneno yako mdomoni. Witness, hapana, mgeni hapandi mti.

Nikaitazama khanga yake. Imemkaa vizuri kuliko yangu.

"Panda tu," nikasema. "Hakuna haja ya kumsumbua Bibi."

"Kweli?"

"Panda tu."

Akanikumbatia. Nikavuka gogo kurudi mbio, na maji yalimwagika nusu ndoo. Nilikuwa na furaha. Sitaandika uongo humu: nilikuwa na furaha.

15 Aprili

Ameupanda. Ameuzungushia boma la fito, ameufunika na majani makavu. Unaonekana ukiwa njiani kama unajua pa kutazama. Mimi najua.

17 Aprili

Hakuna aliyeona. Kila mtu akipita njia ya bondeni nasimama kumtazama, sijui kama naogopa aone au asione.

19 Aprili

Usiku Bibi hakulala kwa magoti. Leo Witness amekuja na majani fulani ya kukanda, amemkanda saa nzima huku anamhadithia mambo ya kambini. Nilikuwa chumbani najisomea. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza. Alisema siku kambi ilipofungwa, mama yake aling'oa mchicha wote na kuupika, ili asiachie mtu. "Ndiyo mara pekee niliyomwona mama ana roho mbaya," akasema, "na ilikuwa kwa mchicha, Bibi."

Bibi hakucheka. Alisema, "Si roho mbaya hiyo."

Nimetaka kutoka chumbani. Sikutoka.

22 Aprili

Mvua siku ya nne bila kupumzika. Barabara ya Lushoto imekatwa na maporomoko, fuso zimelala Shume. Leo asubuhi nimeamua: nitashuka, niung'oe ule mche mwenyewe, niupande popote, nimwambie Witness umeliwa na panya buku. Uongo mdogo wa kufunika ule mkubwa.

Nimefika ukingoni na hakuna gogo. Mto umelichukua. Maji ni ya rangi ya chai ya maziwa, yanapita yakiwa na matawi na ndara ya mtu. Kisiwa kiko pale, mbele yangu kabisa, naona migomba, naona karoti, naona boma la fito na kijani kidogo ndani yake. Sikuweza kukifikia kama vile kiko katikati ya bahari. Ningependa Mwalimu Emanueli aje aone.

Nimekaa pale mpaka khanga ikaloa.

25 Aprili

Mvua.

28 Aprili

Mvua. Maji yamekula ukingo wa upande wa juu, mgomba mmoja umeondoka. Kona ya chini iko salama. Mche umechipua majani mapya, hata huku nayaona.

Jumamosi, 4 Mei

Jua. Baba mdogo amekuja kuangalia kama Kisiwa kimepona. Ulimboka alikuwa ameweka gogo jipya. Nilikuwa naanika maharage uani nikasikia sauti bondeni.

"Nani kapanda huu?"

Sikusikia jibu.

"Nauliza, nani kapanda mti kwenye ardhi ya mama yangu?"

Alipopanda kilima uso ulikuwa umevimba. Hakusalimia hata. "Mama, wageni wako wamekwisha kujenga," akasema. "Kesho namwita balozi."

Bibi aliendelea kupepeta. "Muite," akasema. Kisha akanitazama mimi, siyo yeye.

Jumapili, 5 Mei

Mkono umechoka na bado sijaanza.

Tulikaa barazani kwa Bibi baada ya wao kutoka kanisani. Mzee Selemani, balozi wa nyumba kumi, kwenye kiti. Baba mdogo kwenye kiti. Bibi kwenye mkeka, amenyoosha magoti. Ulimboka alikuja amevaa koti la suti na mabuti ya shambani, akakataa kiti. Witness alisimama nyuma yake. Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu pa siku zote, nusu ndani nusu nje.

"Balozi," Baba mdogo akaanza, "kwetu mti si mti. Mti ni neno. Huyu bwana tumemkaribisha, hatumdai hata senti, naye amepanda mpeasi. Mpeasi unaishi kuliko mimi! Amesema nini basi?"

Ulimboka alikuwa ameikunja kofia mikononi. "Wazee wangu, naomba radhi sana. Mti amepanda binti, nami niliuona nikanyamaza. Huko nilikotoka hatukuwa na ardhi hata ya kuzuiliwa, hatujui miko yake. Nitaung'oa leo. Naomba tu tumalize karoti. Zimebaki wiki nne."

"Karoti!" akasema Baba mdogo. "Mpeasi aliupandia wiki nne?"

Mzee Selemani akamgeukia Witness. Ni mzee anayekohoa kila baada ya maneno matatu, huwezi kujua kama amemaliza. "Binti. Uliota tu asubuhi moja upande mti? Au kuna mtu. Alikuambia upande?"

Witness akainua macho. Akanitazama mimi moja kwa moja, muda mfupi tu, kisha akatazama chini.

"Hakuna, mzee. Nilijipandia."

Ningepaswa kushukuru. Nitaandika kile nilichokihisi: wivu, ule ule, mbichi kuliko siku zote. Mimi nimemdanganya akafurahi, yeye kadanganya ili nipone. Hata uongo wake ni mzuri kuliko wangu. Sasa nitamshinda wapi?

"Basi yameisha," akasema Baba mdogo. "Wiki hii waondoke. Na Mama, usinielewe vibaya, umri umekwenda. Hukuweza kukilinda Kisiwa. Nitakisimamia mimi. Vitunguu vitakufaa hata wewe."

"Ulishaniambia habari ya vitunguu," Bibi akasema.

"Sasa si ndiyo?"

"Sasa Kisiwa si changu cha kukupa, Abubakari. Nilishampa Mwanaidi."

Baba mdogo akashtuka. "Lini?"

"Ana miaka tisa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya ng'ombe."

Mzee Selemani akacheka akakohoa. Hata Ulimboka alibana midomo.

"Mama, kwa heshima zote, huyu ataolewa. Kisiwa kimfuate mumewe Korogwe?"

"Kimefuata wanawake mpaka leo na hakijatoka bondeni." Akamgeukia balozi. "Selemani, kama ng'ombe hatoshi, sema wewe unatosha. Kisiwa ni cha Mwanaidi. Mwenye shamba yule pale mlangoni. Muulizeni yeye, mti ubaki au ung'oke."

Wote wakageuka.

Maneno niliyoyangoja miaka saba yamesemwa mbele ya watu. Kilichobaki kilikuwa neno moja. Ung'oke. Mti unang'oka, Witness anaondoka, Bibi anabaki wangu, Kisiwa kinabaki changu, na hakuna mtu duniani atakayejua, kwa sababu anayejua ameshasema hakuna. Nililitafuta lile neno kwa lugha zote tatu. Lilikuwepo. Lilikuwa tayari kabisa.

"Nilimwambia mimi," nikasema.

"Sema kwa sauti, mwanangu. Mimi masikio yangu. Yana miaka themanini," akasema balozi.

"Mimi ndiye niliyemwambia apande. Aliniuliza kwanza. Alitaka kumuuliza Bibi nikamkataza. Nikamwambia panda tu."

Baba mdogo akasimama. "Ulikuwa hujui mwiko?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Nilikuwa nimeanza kulia, lakini sauti ilitoka nzima, sijui ilikuwa wapi siku zote. "Nilitaka mumfukuze."

Kuku akapita katikati ya baraza kama vile kikao ni chake. Sikumtazama Witness. Nilimsikia tu akivuta pumzi.

Kisha Mzee Selemani akaanza kucheka, kicheko na kikohozi pamoja, mpaka Bibi akampa maji.

"Abubakari," akasema, "umesikia? Mwenye shamba amesema panda."

"Alisema kwa ubaya!"

"Ubaya ni wake na Mungu wake. Mgeni hasikii moyo. Anasikia kinywa. Aliuliza mwenye shamba, akaambiwa panda. Mti ni halali."

"Siku ile alikuwa hajawa mwenye shamba! Mama kasema leo."

"Nimesema leo kwamba ni tangu ana miaka tisa," Bibi akasema. "Au unataka niseme yote, Abubakari? Mpaka mwanzo?"

"Mwanzo upi? Mwanzo ni Mwantumu."

"Aa. Mama yangu hakuwa wa kwanza." Alisema hivyo huku anajikanda goti, kana kwamba anasema chumvi imekwisha. "Pale palikuwa pa mzee mmoja wa Wambugu, wale wafugaji. Ng'ombe wake walikuwa wakinywa maji pale. Mwaka wa njaa mama alitoka Mlalo na mimi mgongoni, yule mzee akamwazima Kisiwa apande mahindi, msimu mmoja. Akapanda mahindi. Na katikati ya mahindi akaficha migomba mitatu. Mahindi yalipokatwa, migomba imeshamzidi kimo. Yule mzee akaja, akaitazama sana. Angeweza kuing'oa. Akasema, mwanamke mwenye mtoto mgongoni sitamng'olea chakula. Akapeleka ng'ombe wake kwingine." Akahamia goti la pili. "Sisi tulipanda bila kuuliza. Mtoto huyu aliuliza."

Baba mdogo alikaa. Alikaa taratibu, kama kiti kimekuwa kirefu.

Balozi akatoa neno lake: wavune karoti zao, na wakitaka kulima tena watamuuliza mwenye shamba. Mpeasi ni wa Witness. Na mwenye mti, kwa kawaida ya huku, ana ardhi ya kivuli cha mti wake, kwa hiyo kwenye kona ile yapandwe masale, mimea ya kuwekea mpaka, na ayapande Mwanaidi kwa mkono wake.

"Kivuli kipi?" Baba mdogo akauliza. "Ule mche una kivuli cha kijiko!"

"Cha mti mzima," akasema balozi. "Tunapanda mpaka. Hatupimi kijiko."

Nimepewa Kisiwa leo, na leo hiihii nimekipunguza kwa mdomo wangu mwenyewe.

6 Mei

Witness hakuniangalia darasani. Soksi mpya.

12 Mei

Mboga ameleta mdogo wake Witness. Bibi ameniuliza kwa Kishambaa kwa nini sili. Nimemjibu kwa Kishambaa kwamba nimeshiba. Nimekosea. Hakunisahihisha.

20 Mei

Nilimngojea getini baada ya kipindi cha mwisho. Nikasema samahani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, likatoka hilo moja.

"Ulinichukia kwa sababu gani hasa?" akauliza. "Nataka kujua. Nilidhani tunapendana."

Nikamwambia. Kishambaa, nafasi ya karibu na jiko, darasa, khanga. Nilivyoyataja moja moja barabarani, watu wakipita, yalikuwa mambo madogo kabisa.

"Khanga?" akasema. "Mwanaidi, mimi nilikuwa nikikuona unapita na begi lako, unatoka nyumba yenye jina la bibi yako, unashuka bonde la bibi yako. Unadhani mimi nilikuwa nakuonea nini? Huruma?"

Akaenda zake. Lakini alitembea polepole, nami nikatembea nyuma yake, siyo mbali sana.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua zimekatika. Baridi ya Juni imeanza, asubuhi majani yana ukungu mweupe kama chumvi. Leo wamevuna karoti, matenga yamepanda kilima tangu alfajiri, na mimi nimebeba manne. Ulimboka ameniuliza mbele ya wote, amevua kofia, "Mwenye shamba, tunaweza kupanda viazi?" Niliona aibu nikataka kuingia chini. Nikasema ndiyo, baba. Bibi alikuwa ukingoni amekaa kwenye kigoda, amevuka gogo kwa mara ya kwanza tangu Januari, Witness akimshika mkono mmoja na mimi mwingine. Nilikuwa nikimvuta kidogo kuja upande wangu. Kidogo tu.

Jioni tumepanda masale. Balozi alikuwa ameshachomeka fito kuonyesha mpaka utakapopita, akatuachia, magoti yake na ya Bibi ni kabila moja. Witness alishika miche, mimi nikachimba. Mpeasi umefika kiunoni sasa.

Nilipofika kwenye ufito wa kwanza, Witness alikuwa ameinama anafungua kamba. Nikachimba hatua moja ndani, upande wa mpeasi. Hakuna ambaye angejua, fito huanguka. Nikapanda sale pale nikalikanyagia udongo.

Witness akageuka akatazama sale, akatazama ufito. Akangoja.

Nikaling'oa. Nikalipanda pale pale alipoonyesha balozi, kwenye shimo la ufito, nikalikanyagia tena. Bibi kule kwenye kigoda alikuwa anatazama mto.

Nilifikiria kulisogeza hatua moja nje, kumwongezea. Mtu mwema angefanya hivyo. Nilisimama na jembe nikaifikiria ile hatua kwa kweli, na sikuweza. Labda masika yajayo.